Kilo 58 zilitoka, 41 zikarudi: kisa cha washindani 14 wa The Biggest Loser

Desemba 2009 ilikuwa fainali ya msimu wa nane wa The Biggest Loser, shindano la kupunguza uzito la televisheni ya NBC nchini Marekani. Danny Cahill, mpima ardhi kutoka Oklahoma, alipanda mizani akakuta kilo 87. Miezi saba nyuma alikuwa na kilo 195. Aliondoka na dola 250,000 na rekodi ya kipindi. Kufikia 2016, zaidi ya kilo 45 kati ya alizopunguza zilikuwa zimemrudia.

Hakuwa peke yake. Washindani wa msimu ule walikuwa 16, na baada ya miaka sita 14 kati yao, wanawake 8 na wanaume 6, walikubali kupimwa upya na timu ya Kevin Hall, aliyekuwa mtafiti wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, pale Bethesda, Maryland. Matokeo yalichapishwa Mei 2016. Walianza shindano wakiwa na wastani wa kilo 149, wiki ya 30 wakawa na 91, na miaka sita baadaye walikutwa na 132. Watano kati ya 14 walikuwa wamerudi pale pale walipoanzia, au wamepapita.

Namba hizo zilisambaa duniani kote, na hukumu moja ikasambaa nazo: ukiupunguza mwili kwa nguvu umetaboli, yaani kazi ya mwili ya kugeuza chakula kuwa nishati, unaharibika, na ukishaharibika basi, utanenepa tu hata ufanyeje. Mpaka leo ukimuuliza mtu kwa nini kilo zake zimerudi, atakuambia umetaboli wake "umelala". Takwimu zenyewe ukizisoma taratibu hazisemi hivyo. Zinasema jambo jingine, tena lenye manufaa zaidi kwa mtu aliyemaliza kujinyima wiki iliyopita na sasa hajui afanye nini.

Walipimwa vipi

Hapa kazi ile inastahili heshima yake. Wiki mbili hivi kabla ya safari, kila mmoja alipelekewa mizani nyumbani na vipimo vikafuatiliwa kwa mbali, ili ijulikane kwamba uzito wake umetulia. Mtu anayejinyima haraka haraka kwa sababu anakwenda kupimwa angevuruga hesabu zote. Kisha walilazwa siku tatu. Mafuta na nyama za mwili zilipimwa kwa mashine ya eksirei ya DXA. Nishati inayotumika mtu akiwa amepumzika ilipimwa kwa kumlaza chali, hajala kitu, kichwa kikiwa chini ya kifuniko cha plastiki kinachopima hewa anayovuta na anayotoa. Nishati ya siku nzima, pamoja na kutembea na mahangaiko mengine yote, ilipatikana kwa kumnywesha maji yenye atomi nzito za haidrojeni na oksijeni, halafu kufuatilia kwenye mkojo jinsi zinavyotoka siku baada ya siku. Njia hiyo ya maji ni ghali, lakini uzuri wake ni kwamba haimuulizi mtu amekula nini.

Namba iliyoshtua

Kabla ya shindano miili yao ilitumia wastani wa kalori 2,607 kwa siku ikiwa imepumzika tu (kalori zote humu ni zile zinazoandikwa kwenye pakiti za vyakula). Wiki ya 30 zilikuwa 1,996, na hilo halishangazi, kwa sababu mwili mdogo hutumia kidogo. Jambo la kushangaza lilionekana miaka sita baadaye. Kilo 41 zimerudi, lakini matumizi hayakupanda nazo, yalikuwa 1,903. Kwa uzito, umri na kiasi cha nyama walichokuwa nacho wakati huo, walitarajiwa kutumia kama 2,400. Pengo lilikuwa kalori 500 kila siku, na kwa Cahill lilifika 800. Kalori 500 ni kama gramu 140 za unga wa mahindi kabla haujasongwa.

Halafu kuna leptini, homoni inayotengenezwa na mafuta ya mwili ili kuupa ubongo habari kwamba akiba ipo. Kabla ya shindano walikuwa na nanogramu 41 kwa mililita moja ya damu. Mwisho wa shindano zilibaki 2.6. Mtu mwenye 2.6 ubongo wake unaamini nchi ina njaa, hata friji ikiwa imejaa. Miaka sita baadaye ilikuwa imepanda hadi 28 tu, ingawa sehemu kubwa ya mafuta ilikwisha kurudi.

Pale watu walipoisoma vibaya

Kama umetaboli uliopungua ndio uliowanenepesha, basi aliyepungukiwa sana umetaboli angepaswa kuwa ndiye aliyerudisha kilo nyingi. Watafiti walilitafuta hilo kwenye takwimu zao na hawakulipata. Ukubwa wa pengo mwishoni mwa shindano haukuonyesha nani atanenepa na nani atabaki. Na miaka sita baadaye mambo yalikuwa kinyume kabisa: walioweza kubaki na uzito mdogo ndio waliokuwa na pengo kubwa zaidi.

Ni kama mpira wa manati. Anayeuvuta mbali ndiye anayesikia mkono ukirudishwa kwa nguvu, na aliyeuachia hasikii kitu. Pengo la kalori linaonyesha kwamba mwili bado unavutwa mbali na pale ulipozoea. Kulikuta kwenye vipimo vya mtu hakumaanishi kwamba ameshindwa.

Ni vizuri pia kukumbuka hawa walikuwa watu wa namna gani. Walianza na kilo 149 kwa wastani, wakapunguzwa kwa mlo mdogo sana na mazoezi ya nguvu ya karibu saa 3 kwa siku, kamera zikiwaka. Mtu aliyeshuka kilo 8 au 12 kwa mlo wa kawaida pengo lake huwa dogo kuliko hilo kwa mbali, na hupungua zaidi uzito ukishatulia. Anayejisomea kisa hiki na kujikatia tamaa anajipimia kwa vipimo vya watu wengine.

Njaa ndiyo yenye nguvu

Basi nini kilichowarudisha? Jibu zuri zaidi lilitoka mwaka ule ule wa 2016, kwa kutumia dawa ya kisukari. Kanagliflozini humfanya mgonjwa apoteze sukari kwenye mkojo, kama gramu 90 kwa siku, sawa na kalori 360, bila yeye kuhisi chochote. Wagonjwa 153 waliitumia kwa wiki 52. Uzito ulishuka kilo chache, ukasimama. Dawa ilikuwa bado inamwaga sukari ile ile, kwa hiyo jambo moja tu lingeweza kuusimamisha: walikuwa wakila zaidi, kidogo kidogo, wasijue. Kundi la Hall lilipiga hesabu likakuta kwamba kwa kila kilo inayotoka, matumizi ya mwili hushuka kalori 20 hadi 30 kwa siku, lakini hamu ya kula hupanda kama kalori 100 kwa siku.

Hamu ya kula, basi, inavuta mara tatu au zaidi kuliko umetaboli. (Wagonjwa wale walipungua kilo chache, hivyo asitokee mtu wa kuzidisha 100 kwa 58 na kudhani amepata njaa ya washindani. Mwelekeo ndio wa kuchukua.) Na njaa hiyo haishi mlo unapoisha. Huko Melbourne, Australia, watu 50 walipunguzwa kwa mlo mdogo sana wa wiki 10, wakashuka wastani wa kilo 13.5. Utafiti huo wa 2011 ulipowapima mwaka mmoja baadaye, homoni za njaa na shibe zilikuwa bado hazijarudi kama zamani, na wenyewe walisema wana njaa kuliko kabla ya kuanza.

Hapa ndipo yule anayesema "sili chochote lakini nanenepa" anapohitaji kusikilizwa bila kuchekwa. Mara nyingi hadanganyi. Kalori 200 za ziada hazionekani kama chakula. Ni kuonja mboga jikoni mara nne, kumalizia wali wa mtoto, kijiko cha sukari kuwa cha mlima badala ya bapa, au sufuria kuongezewa mafuta kwa sababu vitunguu vilianza kushika. Anachohesabu ni milo, na hiyo kweli haijaongezeka.

Saba na saba

Mwaka 2017 timu ya Hall ilirudi kwenye watu wale wale 14 kwa swali jingine: walioweza walifanya nini? Waliwagawa katikati. Saba walikuwa bado wamepungua karibu 25% ya uzito wa mwanzo. Saba wengine walikuwa juu ya uzito wa mwanzo kwa 1% hivi. Sehemu hii ya kisa haijulikani sana, na ndiyo yenye thamani kuliko zote.

Kwenye kula, makundi hayakutofautiana kwa namna ya kueleweka: moja lilikuwa limepunguza ulaji kwa 8.7% kulinganisha na zamani, jingine kwa 7.4%. Kwenye kujishughulisha walitofautiana kama mbingu na ardhi. Walioweza walikuwa wameongeza nishati ya mwendo na kazi kwa 160%, walioshindwa kwa 34%. Tofauti ya walioweza ilikadiriwa kuwa kama dakika 80 kwa siku za mwendo wa haraka, au dakika 35 za mazoezi ya nguvu. Kila siku, hata baada ya miaka sita.

Watu saba ni wachache, na mtu mwepesi husogea kwa urahisi kuliko mzito, kwa hiyo huenda sababu na matokeo vimeingiliana. Lakini ushahidi mwingine unaelekea huko huko. Rejista ya Taifa ya Udhibiti wa Uzito ya Marekani, iliyoanzishwa 1994 na watafiti Rena Wing na James Hill, ina zaidi ya watu 10,000 waliopunguza angalau kilo 13.6 na kukaa hivyo mwaka au zaidi. Asilimia 90 yao hufanya mazoezi kwa wastani wa saa moja kwa siku, na 75% hupanda mizani angalau mara moja kwa wiki. Ni watu waliojitokeza wenyewe, hilo lijulikane, na walioshindwa hawajiandikishi.

Kuna jambo moja linalosumbua hapa, na linatoka Tanzania. Mwaka 2012 mtafiti Herman Pontzer na wenzake waliwapima Wahadzabe 30 wa pembeni mwa Ziwa Eyasi kwa yale yale maji ya atomi nzito. Wanaume wa Kihadzabe hutembea kilomita 11 hivi kwa siku, wanawake karibu 6. Ilitarajiwa wakutwe wakitumia nishati nyingi kuliko watu wa mijini Marekani na Ulaya. Ukishalinganisha ukubwa wa miili, walikuwa sawa. Mwili unaosogea sana hubana matumizi mahali pengine. Utafiti mwingine wa 2021, wenye watu wazima 1,754, ulikadiria kwamba kwa wastani 28% ya kalori zinazotumika kwenye mwendo hufidiwa hivyo.

Mwishoni mwa 2021 Hall mwenyewe aliirudia kazi yake ya washindani kwa jicho hilo, akaandika kwamba huenda pengo la kalori 500 lilitokana na mwendo wao mwingi wa miaka, mwili ukifidia. Kama ndivyo, umetaboli uliopungua ni alama ya juhudi iliyodumu, na ile hadithi ya mwili ulioharibiwa na shindano inabaki bila mguu wa kusimamia. Na kama 28% inafidiwa, 72% inabaki kwako. Haitoshi kumpunguza mtu anayekula ovyo, lakini inatosha kumshikilia aliyekwisha pungua.

Kupunguza ni kazi moja, kushikilia ni nyingine

Tuchukue mtu aliyeshuka kutoka kilo 92 hadi 78. Kilo 14 mara kalori 20 hadi 30 ni pengo la kalori 280 hadi 420 kila siku kati ya matumizi yake ya zamani na ya sasa, na halina tarehe ya kwisha. Akirudi kula "kawaida", kawaida hiyo ndiyo iliyomlisha akiwa na kilo 92, nayo itamrudisha huko. Pengo linazibwa kwa mwendo, kwa chakula, au kwa vyote viwili, na kisa cha washindani kinaonyesha kwamba anayetegemea chakula peke yake anapigana na njaa moja kwa moja.

Mwendo kwanza. Mtu wa kilo 78 akitembea haraka, kila kilomita humgharimu kama kalori 40 juu ya zile ambazo angetumia akiwa amekaa. Dakika 80 kwa mwendo wa kilomita 5.5 kwa saa ni kilomita 7 na kitu, kalori 280 hadi 300. Toa kile ambacho mwili utafidia, bado sehemu kubwa ya pengo imezibwa. Dakika hizo hazihitaji jimu wala kufanywa kwa mkupuo: 25 za kwenda kituoni na kushuka daladala vituo viwili kabla, 25 za kurudi, na 30 jioni. Kipimo cha mwendo ni kwamba uweze kuongea lakini usiweze kuimba. Magoti yakiuma, baiskeli au kuogelea. Ongeza siku mbili kwa wiki za mazoezi ya nguvu, yaani kuchuchumaa, pushapu na kunyanyua dumu la maji, kwa sababu mlo mkali huondoa nyama pamoja na mafuta.

Kosa la kawaida ni kuanza mwendo siku mlo unapoisha. Siku hiyo njaa iko juu, pongezi za watu zimekwisha, na kila kitu ndani ya mtu kinamwambia apumzike. Anza wiki nane kabla, dakika 20, ongeza 10 kila wiki. Mlo unapofika mwisho, dakika 80 ziwe tayari ni sehemu ya ratiba.

Kutoka kwenye mlo nako ni hatua yenyewe, na wengi huiruka. Katika jaribio la DiRECT la Uskoti na Tyneside, Uingereza, lililotoa matokeo yake ya kwanza 2017, wagonjwa wa kisukari waliokula supu na vinywaji maalumu vya kalori 850 hivi kwa siku walirudishiwa chakula cha kawaida kwa wiki 2 hadi 8, mlo mmoja baada ya mwingine. Nyumbani, ongeza kama kalori 150 kwa siku, kaa nazo wiki nzima, pima, ndipo uongeze nyingine. Uzito ukisimama wiki tatu, hicho ndicho kiasi chako.

Usishtuke siku za mwanzo. Aliyekata wanga akianza tena kula wali na ugali atapanda kilo 1 au 2 ndani ya siku chache, na si mafuta. Mwili unajaza akiba yake ya wanga kwenye misuli na ini, na kila gramu ya akiba hiyo hukaa na kama gramu 3 za maji. Watu wengi huvunjika moyo hapo hapo, wanasema mlo "umekataa", wanaacha kila kitu. Inatosha kujua mapema kwamba itatokea.

Jikoni, tuanze na mafuta, kwa sababu hapo ndipo kalori hujificha kuliko popote kwenye mapishi yetu. Kijiko kikubwa kimoja ni kalori 120. Kukipima kila siku ni kazi ambayo hakuna anayeiweza kwa miaka, kwa hiyo pima chupa: andika tarehe kwa kalamu ya wino siku unayoifungua. Lita moja ina kalori zaidi ya 8,000. Familia ya watu wanne ikiimaliza kwa siku 10, kila mtu anapata zaidi ya kalori 200 kwa siku za mafuta peke yake. Ikifika siku 20, kila mmoja ameokoa 100 bila kuacha chakula chochote. Kama mchicha wako unaelea, chupa haitafika huko. Tui zito la nazi lihesabiwe kama mafuta pia: mililita 100 hukaribia kalori 200.

Sukari ni rahisi zaidi. Vikombe vitatu vya chai, kila kimoja vijiko viwili vidogo, ni kalori 120 hivi. Chupa ya soda ya mililita 300 ni nyingine 120. Vyote viwili havishibishi, kwa hiyo kuvitoa hakuongezi njaa, na hii ndiyo punguzo la bei nafuu kuliko yote.

Ugali upimwe ukiwa unga. Ugali uliosongwa hubeba maji kwa viwango tofauti, na jicho haliwezi kujua. Gramu 100 za unga ni kalori 360. Pima mara moja bakuli au kikombe unachochotea, ujue kinabeba gramu ngapi, na baada ya hapo huhitaji mizani ya jikoni tena. Chapati moja ya gramu 70 za unga na gramu 10 za mafuta inapita kalori 300, kwa hiyo chapati mbili za kifungua kinywa ni mlo kamili, na kuziita kitafunio ni kujidanganya. Tatizo kubwa kuliko yote ni sinia la pamoja. Mkono unakwenda kadiri wengine wanavyokwenda, na hakuna anayejua amekula kiasi gani. Pakua sahani yako kwanza, kisha kaeni pamoja.

Cha kuongeza ni protini na vyakula vyenye nyuzinyuzi, maana hivyo ndivyo vinavyoituliza njaa. Kwa mtu wa kilo 78, lenga gramu 80 hadi 90 za protini kwa siku, zigawanywe katika milo. Yai lina 6, kikombe cha maharage yaliyopikwa 15, kipande cha samaki cha gramu 100 kama 20, gramu 30 za dagaa wakavu kama 18, glasi ya maziwa ya mililita 250 kama 8. Dagaa na maharage ndiyo protini nafuu zaidi sokoni, mradi dagaa wasikaangwe kwenye mafuta ya kuwazamisha. Mwenye ugonjwa wa figo asiongeze protini bila daktari wake.

Mizani, na la kufanya namba ikipanda

Rena Wing alilijaribu hili kwa watu 314 waliokuwa wamepungua wastani wa kilo 19, utafiti ukachapishwa 2006. Baadhi yao walifundishwa kujipima kila siku na kutumia rangi kama za taa za barabarani: hadi kilo 1.4 juu ya uzito wa kuanzia ni kijani, ikizidi hapo ni njano, ikifika 2.3 ni nyekundu. Baada ya miezi 18, kati ya waliokutana ana kwa ana na wasimamizi, 46% walikuwa wamepanda kilo 2.3 au zaidi. Kati ya waliopewa jarida tu la kusoma, walikuwa 72%.

Kilichosaidia ni kwamba kila rangi ilikuwa na jambo lake la kufanya, lililoamuliwa kabla. Kijani: endelea, jipongeze kwa kitu kisicholiwa. Njano: rudi kwenye kuandika kila kinachoingia mdomoni kwa wiki moja, pamoja na vya kuonja, utakuta zile kalori 200. Nyekundu: rudi kwenye mlo ule ule uliokupunguza, wiki 2 hadi 4, mpaka urudi kijani. DiRECT nao walikuwa na utaratibu wa namna hiyo wa kuokoa, ulioanza kilo 2 tu zikirudi. Kilo 2 zinaondoka kwa wiki chache, lakini mwenye kusubiri suruali ikatae ataanza na 6 au 7, na kwa wengi hiyo ni safari ya miezi ambayo hawataianza.

Pima asubuhi baada ya kutoka msalani, kabla ya chai, kwa nguo zile zile, mizani ikiwa kwenye sakafu ngumu na mahali pale pale, kamwe si juu ya zulia. Namba ya siku moja haina uzito wowote. Chumvi ya jana, choo kigumu, siku za karibu na hedhi, vyote huweza kupandisha kilo nzima. Chukua wastani wa siku saba na uulinganishe na wa wiki iliyopita. Mizani za betri za bei ndogo huyumba kadiri zinavyozeeka. Jaza dumu la lita 20 hadi mstari ule ule, lipime kila mwezi, na kama namba imehama basi ni mizani iliyohama. Aliyewahi kuwa na tatizo la kula, la kujishindisha njaa au kujitapisha, asijipime kila siku. Huyo kwake utaratibu huu ni hatari.

Na sindano?

Semaglutaidi, dawa ya sindano ya kupunguza uzito, na dawa za jamii yake hufanya kazi mahali ambapo kisa hiki kinaonyesha tatizo lipo, yaani kwenye njaa. Ndiyo maana zinapunguza kweli, na ndiyo maana zikiachwa uzito unarudi. Katika mwendelezo wa jaribio la semaglutaidi liitwalo STEP 1, uliochapishwa 2022, watu waliopungua 17.3% kwa wiki 68 waliachishwa dawa pamoja na ushauri. Mwaka mmoja baadaye theluthi mbili ya uzito uliotoka ulikuwa umerudi. Dawa ilikuwa imeushikilia mpira; mkono ulipoondoka, ukarudi.

Anayezitumia azungumze na aliyemwandikia, kabla ya dozi ya mwisho, kama ataendelea au atashuka taratibu, na dakika 80, chupa ya mafuta yenye tarehe na mizani viwe vimekwisha kuzoeleka wakati njaa bado imetulia. Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge vya glibenklamidi vya kushusha sukari asikate chakula wala kuongeza mwendo ghafla kwa dozi ile ile ya zamani. Dozi iliyopangwa akiwa na kilo 92 inaweza kumshushia sukari kupita kiasi akiwa na 78, kwa hiyo aende kliniki na daftari la vipimo vya sukari vya wiki mbili kabla ya kubadilisha chochote.